Laptopu Isiyofumba Macho

Nilijua kuna jambo kabla sijafungua zipu. Begi lilikuwa mgongoni kwa saa tatu, na upande uliogusa kiuno ulikuwa na joto ambalo si la mwili wangu. Nilipotia mkono ndani nikaikuta laptopu imepata moto kama pasi iliyochomolewa punde, feni inavuma kwa nguvu zake zote ikitafuta hewa ambayo haikuwepo, maana kitambaa cha begi kilikuwa kimeziba matundu yote ya ubavuni. Betri niliiacha asilimia 96 nilipoondoka. Nilipofika ilisoma 31.

Kifuniko nilikifunga kwa mkono wangu. Nilikumbuka hata kile kitaa kidogo cha pembeni kilivyoanza kupumua, kinawaka polepole na kufifia polepole, ishara ambayo kwenye mashine yangu ina maana moja tu: imelala. Sasa iliamka saa ngapi, nani kaiamsha, na kwa nini haikurudi kulala?

Leo naweza kuyapanga maswali hayo vizuri kwa sababu nimeshayajua majibu. Siku ile sikuwa na mpangilio wowote. Nilikuwa na swali moja lililovurugika: mbona laptopu hii hailali?

Kazi yangu ni kunukuu rekodi. Watu huniletea mahojiano na mikutano, nami husikiliza na kuandika neno kwa neno. Rekodi ya saa moja hunila saa nne au tano, na katikati hapo nanyanyuka mara nyingi, nanyoosha mgongo, naitika simu, naondoka na kurudi. Laptopu ndiyo jembe langu. Nikiizima kila ninaponyanyuka napoteza pale nilipofikia, pamoja na kamusi na madirisha niliyoyafungua kandokando. Kwa hiyo usingizi wake naupenda kuliko sehemu yoyote nyingine ya mashine hii: nafunga, naondoka, nafungua, kazi iko palepale. Halafu kuna betri. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa kwenye joto kali, na joto nililolikuta mle begini lilinitia huzuni ya kweli, kama kumkuta mnyama wa kufugwa amefungiwa juani.

Jioni ile nilianza kwa kubahatisha. Niliingia kwenye mipangilio ya nishati nikaweka laptopu ilale baada ya dakika tano, skrini izime baada ya tatu, kisha nikakaa kitini nikiitazama. Dakika ya tatu skrini ikawa nyeusi nikafurahi. Lakini kitaa kilibaki kimewaka wima, hakipumui. Dakika ya tano ikapita, ya kumi ikapita, ya ishirini ikapita. Nilipogusa kibodi skrini ikarudi papo hapo bila hata kuniomba neno la siri.

Hilo naomba nilikazie, kwa sababu nimeona watu wengi wanadanganyika hapo. Skrini kuzima na laptopu kulala ni mambo mawili mbalimbali, yenye vipima muda viwili mbalimbali. Skrini nyeusi haikwambii chochote. Sikiliza feni, tazama kitaa, weka kiganja chini ya mashine baada ya robo saa. Ikiwa bado ina uvuguvugu, iko macho.

Niliiwasha upya. Usiku ule ikalala vizuri kabisa, mara tatu mfululizo, nikaenda kitandani nikiamini nimemaliza. Kesho yake mchana, baada ya saa kadhaa za kazi, ikakataa tena. Hapo nikafanya kosa ambalo lilinigharimu siku mbili: nilibadilisha mambo matano kwa mpigo. Nikasasisha draiva, zile programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine, nikaondoa programu mbili, nikabadilisha mpango wa nishati, nikazima hiki na kile. Ilipolala tena sikujua kipi kimeilaza. Ilipokataa tena sikujua kipi nimekiharibu.

Ndipo nikampigia fundi mmoja mzee ambaye amenisaidia miaka mingi. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, umeshaiuliza?"

"Kuiuliza nini, fundi?"

"Nani anayeinyima usingizi. Mashine inajua. Wewe unabadilisha mipangilio kabla hujaiuliza." Kisha akaendelea: "Kuna laptopu ukiiacha peke yake haisinzii. Kuna ambayo hata ukiiamuru ilale haikubali. Na kuna inayolala vizuri, kisha inashtuka. Hayo ni maradhi matatu, kila moja na dawa yake. Yako ni yapi?"

Nikamwambia nadhani ni yote.

"Usidhani. Kapime moja moja, uandike."

Nikachukua daftari. Jaribio la kwanza: nimeiacha bila kuigusa, hailali. Jaribio la pili: nimebonyeza amri ya kulala kwenye menyu, inalala ndani ya sekunde chache, kitaa kinapumua. Jaribio la tatu: nimefunga kifuniko, inalala, nimeiacha mezani saa mbili, bado imelala. Mistari hiyo mitatu ya daftari ilinipa mwanga kuliko siku zangu zote mbili za kuhangaika. Mashine ilikuwa na uwezo kamili wa kulala. Ila ikiachwa yenyewe, kuna mtu anaishikilia.

Ili kuelewa inawezekanaje programu kuishikilia laptopu, ilinibidi nijue kidogo usingizi wenyewe ni kitu gani. Zamani, chini ya utaratibu wa kusimamia nishati ulioitwa APM ambao Intel na Microsoft waliutoa mwaka 1992, mengi yaliamuliwa na BIOS, ile programu ndogo iliyochomwa ndani ya mashine. Mfumo endeshi, yaani Windows na wenzake, ulikuwa kama mgeni nyumbani kwake. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa utaratibu mwingine, ACPI, uliokabidhi hatamu kwa mfumo endeshi. Huo ndio tulio nao hadi leo, na ndio uliotuletea zile herufi S zenye namba. S0 ni macho kabisa. S3 ndio usingizi wa kawaida. S4 ni pale kila kilichomo kwenye kumbukumbu kinapoandikwa kwenye diski na umeme kukatwa. S5 ni kuzima. S1 na S2 zipo katikati, lakini leo huzikuti sana.

Katika S3 prosesa, ubongo wa mashine, inakatiwa umeme, skrini, diski na feni vivyo hivyo. Kinachobaki hai ni RAM, kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa, pamoja na walinzi wachache wa kusikiliza kama kuna anayeamsha. RAM haiwezi kuachwa kabisa kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa: kila biti ni chaji ndogo mno ya umeme ndani ya kichombo kinachovuja. Kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64 kumbukumbu yote lazima iwe imeshapitiwa na kujazwa upya, la sivyo yaliyoandikwa yanafutika. Napenda kulifikiria jambo hilo ninapokiona kitaa kinapumua. Mashine imelala fofofo, na bado kuna kazi moja inayoendelea ndani yake zaidi ya mara kumi kila sekunde, kazi ya kutosahau.

Kabla ya kufika hapo mfumo endeshi unapita kwa kila draiva na kusema: laza kifaa chako. Kadi ya sauti, kadi ya mtandao, kamera, kila kitu kilichochomekwa USB, kila kimoja lazima kiitikie. Programu nazo hujulishwa. Hadi enzi za Windows XP programu ilikuwa na haki ya kusema hapana, na mtu aliweza kufunga kifuniko na laptopu ikabaki macho kwa sababu programu moja haikuridhia. Tangu Windows Vista, iliyotoka kwa umma Januari 2007, haki hiyo iliondolewa. Ukiiamuru mashine ilale, programu inaarifiwa tu, haiombwi ruhusa.

Ila haki moja programu zilibakiziwa, na ilikuwa lazima zibakiziwe. Fikiria mtu anayetazama filamu ya saa mbili. Hagusi kibodi, hasogezi kipanya. Kwa macho ya kipima muda hayupo. Au fikiria faili kubwa linashuka usiku, au diski inanakiliwa. Kwa hali kama hizo programu inaruhusiwa kuuambia mfumo: nina kazi, usilale kwa kudhani hakuna mtu. Ombi hilo huzuia usingizi wa kujisinzilia tu. Haliwezi kuzuia usingizi wa kuamriwa. Ndiyo maana majaribio yangu mawili ya mwisho yalifaulu na la kwanza likashindikana.

Na maombi hayo huandikwa mahali. Ndiko alikokuwa akinielekeza fundi. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, bila hayo linakataa, kisha unaandika:

powercfg /requests

Linakuja jibu lenye vichwa kadhaa, DISPLAY, SYSTEM, AWAYMODE na vinginevyo, na chini ya kila kichwa ama hakuna kitu ama kuna jina la aliyeomba. Kwangu, chini ya SYSTEM, palikuwa na jina la draiva ya sauti, na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba mkondo wa sauti unatumika sasa hivi.

Chumba kilikuwa kimya. Niliinama nikaweka sikio kwenye spika, sikusikia hata mkwaruzo. Lakini mashine ilikuwa inasema kuna sauti, na nilishajifunza kutobishana nayo. Nikaanza kufunga programu moja moja, na baada ya kila moja nabonyeza mshale wa juu kuirudisha ile amri, kisha Enter. Kivinjari: mstari bado upo. Kamusi: upo. Barua pepe: upo. Nikafika kwenye programu ninayosikilizia rekodi, ambayo nilikuwa nimeisimamisha kwenye dakika ya 41 na sekunde ya 17, katikati ya sentensi ya mama mmoja aliyekuwa akihojiwa. Nikaifunga. Mshale wa juu, Enter. Mstari ukatoweka.

Nilikaa nikiitazama nafasi ile tupu kwa muda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na chombo changu cha kazi ndicho kilichokuwa kikiikeshesha laptopu. Kusimamisha rekodi na kuifunga si jambo moja kwa mashine. Baadhi ya programu za kusikilizia, ukizisimamisha, huendelea kuushikilia mlango wa sauti ili ukibonyeza tena isikike papo hapo bila kuchelewa. Na mimi huwa naiacha imesimama kila ninaponyanyuka, siku nzima, kwa makusudi, nisipoteze mahali. Ndiyo maana kuwasha upya kulikuwa kunaiponya kwa saa chache: baada ya kuwasha, ile programu ilikuwa bado haijafunguliwa.

Niliweka dakika tano tena. Nikakaa kitini. Skrini nyeusi, kisha, dakika ya tano na sekunde chache, feni ikanyamaza na kitaa kikavuta pumzi yake ya kwanza.

Windows inakupa njia ya kulipuuza ombi la programu fulani, kwa amri ya powercfg /requestsoverride. Sikuitumia na bado siipendi. Ombi la programu huwa na sababu, na siku nitakapotaka rekodi ichezwe mfululizo nikiwa nafanya jambo jingine mezani, nisingependa laptopu ilale katikati kwa sababu niliiziba masikio miezi sita iliyopita na nikasahau. Njia hiyo naiona ni ya mwisho, kwa programu ambayo huwezi kuiacha wala kuifunga.

Nilipompigia fundi kumshukuru, akaniuliza swali lililonirudisha nyuma: "Na begini?"

Kweli. Siku ya safari kifuniko nilikifunga, kitaa kikapumua. Hiyo ni amri, na ombi la sauti haliwezi kuizuia amri. Kwa hiyo ililala. Kilichoiamsha kilikuwa kitu kingine kabisa.

Nilipanga begi kama lilivyokuwa siku ile: laptopu, chaja, daftari, kipanya kisicho na waya kwenye mfuko wa mbele. Nikafungua programu ya rekodi, nikaisimamisha, nikafunga kifuniko, nikangoja kitaa kipumue, nikavaa begi na kuzunguka chumbani. Huku na huku, nikiinama na kuinuka kama mtu anayepanda na kushuka ngazi. Sikumaliza mizunguko kumi. Nilisikia feni mgongoni.

Nikaitoa mbio, nikafungua, nikaandika powercfg /lastwake, amri ya kuuliza nani ameamsha mara ya mwisho. Jibu likataja kifaa cha USB. Nikatazama ubavuni mwa laptopu: kile kidude kidogo cha kipanya, kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nilikuwa nimekiacha kimechomekwa kama ninavyokiacha siku zote. Na kipanya chenyewe, ndani ya mfuko, swichi yake ya tumboni ikiwa imewashwa, kilikuwa kimebanwa na chaja. Kila nilipopiga hatua, kona ya chaja iligonga kitufe cha kushoto. Kila mgongo ulipocheza, laptopu ilikuwa inabishiwa hodi.

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana, na nadhani hili ndilo linalofanya tatizo la namna hii lisumbue watu miezi mingi. Kipanya peke yake kingeiamsha, lakini baada ya dakika chache za utulivu ingesinzia tena. Rekodi iliyosimamishwa peke yake isingeweza kuizuia nilipofunga kifuniko. Vilipokuwa pamoja, kimoja kiliamsha na kingine kikazuia kurudi. Kifuniko kilikuwa tayari kimefungwa, kwa hiyo hapakuwa na tukio la kukifunga tena ili itolewe amri mpya. Ikabaki macho gizani, saa tatu.

Vifaa vilivyopewa ruhusa ya kuamsha navyo vina orodha yake:

powercfg /devicequery wake_armed

Kwangu zilikuja kibodi, kipanya na kadi ya mtandao. Ruhusa ya kipanya nikaiondoa kwa powercfg /devicedisablewake ikifuatiwa na jina la kifaa ndani ya alama za kunukuu, herufi kwa herufi kama lilivyoandikwa kwenye orodha. Anayeogopa dirisha la amri anaweza kufanya hivyo kwenye Device Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha vifaa, anaingia kwenye kifaa husika, sehemu ya nishati, anaondoa tiki ya kuruhusu kuamsha. Kibodi nimeiachia ruhusa, maana lazima kuwe na mlango mmoja wa kuingilia. Nimeandika daftarini niikague orodha hiyo kila baada ya kusasisha draiva, kwa kuwa mara nyingine ruhusa hurudi yenyewe.

Kipanya kina ujanja mwingine hata kisipokuwa begini. Jicho lake husoma mwendo kwa kulinganisha picha za uso wa meza, na uso unaong'aa au wa kioo unaweza kulidanganya likaona mwendo ambao haupo. Laptopu inayoamka yenyewe usiku wa manane mezani, kabla hujafikiria mambo makubwa, geuza kipanya chali uone kama itatulia.

Kadi ya mtandao inayo sababu yake ya kuwa kwenye orodha. Kuna ujumbe maalumu wa kuamsha mashine kutoka mbali: baiti sita zote zenye thamani ya 255, kisha anwani ya kadi yenyewe imerudiwa mara 16. Kadi inaweza kuusubiri ujumbe huo hata prosesa ikiwa imekatiwa umeme. Ni jambo la maana kwa anayesimamia kompyuta nyingi kutoka chumba kingine. Kwa laptopu ya mtu mmoja sioni haja yake, nami nimeifunga.

Waamshaji wa tatu ni vipima muda, programu zinazojiwekea saa ya kuamka kufanya sasisho au ukaguzi. Unaviona kwa powercfg /waketimers, na kwenye mipangilio ya kina ya nishati kuna mahali pa kuvikataza. Sina mengi ya kusema hapo.

Yale maradhi ya kati, ya laptopu isiyolala hata ikiamriwa, siyo yaliyonipata, lakini mdogo wangu yalimkuta wiki mbili baadaye, akanipigia simu kwa wasiwasi. "Dada, neno la kulala halipo kabisa kwenye menyu." Alikuwa amepakia Windows upya. Nikamwambia aandike powercfg /a, amri inayoorodhesha aina za usingizi ambazo mashine inaziweza na zile isizoziweza, pamoja na sababu. Sababu ilitaja picha. Draiva halisi ya skrini ilikuwa haijawekwa, Windows ilikuwa inajikimu kwa ile ya msingi, ambayo inaonyesha picha lakini haijui kuilaza kadi wala kuiamsha. Alipoweka draiva ya kifaa chake neno likarudi. Katika maradhi haya ya kati mkosaji huwa ni draiva mara nyingi sana, na dalili yake nyingine ni skrini kuzima, feni kuendelea, na mashine kuganda hivyo hadi uishikilie swichi.

Powercfg /a inaonyesha na jambo jingine ambalo kila mwenye laptopu ya miaka ya karibuni anapaswa kulijua. Nyingi hazina S3 tena. Zina aina iitwayo S0 ya matumizi madogo, ambayo kwa jina la kitaalamu bado iko ndani ya S0, yaani macho. Skrini imezimwa, prosesa inatumia umeme kidogo sana, lakini mashine inaweza kuendelea kupokea barua pepe na sasisho, na inaamka mara moja kama simu. S3 ni usingizi wa pono. Huu mwingine ni usingizi wa mang'amung'amu. Ukienda vizuri ni raha. Ukivurugwa na draiva moja au programu isiyotulia, laptopu itapata moto begini ingawa haikuamshwa na yeyote. Mwenye aina hii ana amri yake, powercfg /sleepstudy, inayotengeneza ripoti ya kila kipindi cha usingizi na kuonyesha nani alikuwa akifanya kazi wakati wengine wamelala. Na kabla ya safari, ushauri wangu ni kuachana na usingizi huo: weka kifuniko kikifungwa mashine ihifadhi kila kitu kwenye diski na kukata umeme, yaani S4. Kuamka kunachukua sekunde kadhaa zaidi. Betri na vyuma vya ndani vinabaki baridi.

Wa Linux na Mac nao wana njia za kuuliza swali lilelile. Kwenye Linux nyingi, systemd-inhibit --list inataja walioweka kizuizi, na faili la /sys/power/mem_sleep linaonyesha kama mashine inatumia usingizi mzito au mwepesi, wenye mabano ya mraba ndio uliochaguliwa. Kabla ya kulala, Linux huzigandisha programu zote, na ikiwa kuna inayogoma, baada ya sekunde 20 inakata tamaa na kuandika jina la aliyegoma kwenye kumbukumbu za mfumo. Kwenye Mac amri ni pmset -g assertions.

Limebaki la kifuniko. Laptopu nyingi hazina swichi ya kubonyezwa, zina sumaku kwenye ukingo wa skrini na kihisi kidogo upande wa kibodi. Kihisi kikifa, au sumaku ikibanduka, unafunga kifuniko na mashine haijui. Nilikipima changu usiku, taa zote zimezimwa. Nilikishusha kifuniko taratibu huku nimelaza shavu mezani nikichungulia kwenye ufa. Mwanga wa skrini ulizidi kuwa mwembamba juu ya kibodi, ukabaki uzi mmoja mweupe kwenye safu ya chini ya vitufe, kisha, kabla vyuma havijagusana, ukakatika. Kihisi kizima. Nikaandika daftarini.

Safari iliyofuata ilikuwa njia ileile, saa tatu zilezile. Kabla ya kuondoka niliandika 38:52 kwenye kikaratasi nikakibandika karibu na kibodi, nikafunga programu ya rekodi, nikachomoa kile kidude cha USB na kuzima kipanya tumboni, nikafunga kifuniko na kungoja kitaa kivute pumzi tatu. Njiani nilipeleka mkono nyuma mara mbili kugusa begi.

Nilipofika nilifungua zipu. Chuma kilikuwa baridi, kile baridi cha kitu kilichokaa kivulini. Betri niliyoiacha kwenye 94 ilisoma 92. Nikafungua programu, nikasogeza hadi 38:52, nikavaa spika za masikioni, na yule mama akaendelea na sentensi yake.